MJADALA: Mchoro ni uleule, bei imeporomoka. Kilichopotea ni nini?

Fundi Brashi: Mwaka 1937 jumba la makumbusho la Boijmans, Rotterdam, Uholanzi, lilipata "Vermeer", yaani mchoro uliodhaniwa ni wa Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, kwa zaidi ya gilda 500,000 (pesa ya Uholanzi ya wakati ule). Mwaka 1945 mchoraji Han van Meegeren akakiri kuuchora yeye. Rangi hazikusogea hata nukta. Kama thamani imo ndani ya mchoro, mbona ilitoweka? Na kama ni bei tu, waliousifu walisifu nini?

Hesabu Kali: Thamani ni anachotoa mnunuzi, mengine mashairi. Na hao wataalamu wenu walipigia magoti kitu kilichookwa kwenye oveni!

Dada Rangi: Kilichookwa? Kaka, usiseme usichokijua. Rangi ya mafuta hukauka kwa kula oksijeni, juu siku kadhaa, ndani miaka na miaka. Ukiichoma hivihivi inakuwa njano na kutoa malengelenge. Ujanja wa Van Meegeren ulikuwa kutia resini ya fenoli na fomaldehidi, ile ya bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), ndipo joto la nyuzi mia na ushee likaigandisha. Wakati ule walipima kwa pamba yenye spiriti: rangi changa hulainika, kuukuu hukaa. Yake ikakaa.

Hesabu Kali: Haya, mwalimu wa oveni. Na nyufa?

Dada Rangi: Alikwangua kanvasi ya karne ya 17, akabakiza tabaka la chini lenye nyufa zake. Kisha akaiviringisha ili zipande juu, akazijaza wino mweusi zionekane zina vumbi la enzi.

Turubai: Mnasahau madini ya risasi. Rangi nyeupe ya zamani ina risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho, inayopungua nusu kila miaka 22 hivi. Baada ya miaka 300 mnururisho wake unalingana na wa radiamu iliyobaki, ile inayoizalisha. Kwenye mchoro wa Van Meegeren ilizidi mno. Oveni haiwezi kudanganya hapo.

Hesabu Kali: Basi jibu hilo: kipimo kimeua bei.

Fundi Brashi: Bei ilikufa 1945, kipimo kimekuja miaka ya 60. Jina lako nani vile?

Dada Rangi: 😂 Ila Fundi, swali lako ni rahisi. Vermeer alitafuta namna ya kuona mwanga, huyu alitafuta namna ya kuonekana Vermeer. Hiyo ndiyo tofauti.

Hesabu Kali: Tofauti isiyoonekana hadi upime! Hiyo spiriti inapakwaje?

Turubai: Haipakwi! Pamba ndogo, iliyokamuliwa, pembeni panapofunikwa na fremu. Na kwanza ujue kama kuna vanishi, lile tabaka angavu la kukinga mchoro, maana itayeyuka yenyewe na wewe utashangilia umekamata feki.