Ushauri: nitajuaje kama mpango huu wa hisabati darasa la pili umefanya kazi?

AfisaKata: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi ni afisa elimu kata, Kanda ya Ziwa. Mwaka huu shule mbili za kata yangu zinafundisha hesabu kwa kupanga watoto kulingana na uwezo: asiyetambua tarakimu anakaa na wenzake, anayejumlisha makumi na wake. Vijiti, vizibo, kadi za namba. Walimu wanasifia, na wastani wa mtihani umepanda kutoka arobaini na kitu hadi sitini na kitu. Mfadhili anataka ripoti ili aamue kama aongeze shule. Niandike hivyo tu? Roho inasita.

ChakiNyeupe: Isite kabisa. Mitihani hiyo miwili ilikuwa ya uzito mmoja? Nani aliitunga? Halafu mtoto wa miaka minane ukimwacha nusu mwaka ataongezeka tu, mpango uwepo usiwepo. Shule ya jirani isiyo na mpango imeongezeka kiasi gani?

AfisaKata: Walimu walitunga wenyewe kila muhula. Shule ya jirani ipo, ila haikupimwa mwanzoni.

ChakiNyeupe: Basi ya mwaka huu yamekupita, liandike hilo wazi. Mwambie mfadhili shule mpya zisianze zote pamoja. Chagueni kwa bahati nasibu: nusu zianze Januari, nusu mwaka unaofuata, na zote zipimwe kabla ya kuanza. Zinazosubiri ndizo za kulinganishia.

BibiHesabu: Kuhusu kipimo chenyewe, tazama EGMA, kipimo cha stadi za awali za hesabu, ilishatumika nchini 2013 kwa darasa la pili. Mtoto mmoja mmoja, kwa mdomo: kusoma namba, kutaja iliyo kubwa, namba iliyokosekana, kujumlisha na kutoa, mafumbo. Usichanganye alama zote ukatoa wastani mmoja! Kujumlisha haraka haraka kunapanda kwa kukaririshwa. Mimi huangalia mafumbo kwanza. Daladala ilikuwa na abiria 2, kituoni wakapanda wengine, sasa wako 7. Wangapi walipanda? Aliyekariri anaona 2 na 7, anajumlisha, anakupa 9.

Mkongwe_wa_Zamu: Mwalimu asipime watoto wake mwenyewe. Nimesimamia mitihani mpaka nimeona vidole vikinyooshwa nyuma ya mgongo wangu, mtoto anavihesabu.
Jingine ni utoro. Msimu wa kulima wale wazito wa kuelewa hawaji, wastani unapanda bila mtu kufundishwa chochote. Fuatilia watoto walewale kwa majina, mwanzo na mwisho, na useme wangapi hawakuonekana mara ya pili. Na ingia darasani bila taarifa, uone kama hivyo vizibo vinatoka kabatini au vinangoja wageni.

AfisaKata: Nawashukuru sana. Nitamwomba mfadhili asubiri hadi Januari. Bibi, hilo fumbo la daladala nimewauliza watoto watatu hapa nje ya ofisi. Wawili wamesema 9, wa tatu kaniuliza kondakta amehesabiwa?

BibiHesabu: Huyo wa tatu mpe daftari.