Tupeane uzoefu: nakala ya santuri iliyokuponyoka

Mzee wa Vikokotoni
Assalam alaikum, wapenzi wa santuri. Jana nimeiona sahani ya Siti binti Saad, yenye chapa ya mbwa wa kampuni ya santuri ya HMV, katika duka moja la vitu vya kale huko Shangani. Wimbo wenyewe ninao, lakini ni wa uchapaji wa baadaye, na sote tunajua kwamba namba iliyochorwa karibu na karatasi ya katikati ndiyo inayotenganisha sahani mbili ambazo asiyejua angeziona sawa. Niliporudi na fedha baada ya sala ya Alasiri, mgeni mmoja alikwishaichukua, na nadhani ataitundika ukutani. Elezeni na nyinyi: ni ipi iliyokuponyokeni?

Wa Wete
Alaikum salaam. Umenitonesha kidonda, Mzee wangu.

Binti Mkunazini
Marehemu babu yangu alikuwa na sanduku la santuri za mizunguko 78 kwa dakika, na baadhi ya nyimbo alizihifadhi katika nakala mbili au tatu, kwa sababu alishikilia kwamba sauti ya zile zilizochapwa mwanzo ilikuwa na uhai ambao hazikuwa nao za baadaye. Masika moja, mvua ilipopiga usiku kucha, ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulianza kuachia chokaa, na nyinyi wa Mji Mkongwe mnajua maana yake. Tulitoka sote salama, alhamdulillahi. Tulipokuwa tumesimama kichochoroni na majirani, mjomba wangu alirudi ndani bila ya kumwambia mtu, akalitoa sanduku hadi ukumbini, na boriti za ghorofa ya juu zikashuka nyuma yake. Bibi alimkaripia mbele ya mtaa mzima huku akilia. Sanduku lilikuwa limeangukiwa na jiwe, na zile za mwanzo, ambazo babu alizipanga juu ili zisielemewe, zilikuwa vipande vitupu. Iliyosalimika ni nakala ya chini kabisa, ile aliyokuwa akiwaazima watu kwa ajili ya harusi.

Wa Wete
Subhanallah! Mjomba hakuumia?

Binti Mkunazini
Alichubuka bega tu. Hadi leo anadai tumlipe.

Kijana wa Kiembesamaki
Poleni sana, Bi. Mimi hukusanya sahani za panki, yaani roki ya kelele na kasi, na msinicheke. Sahani ya kwanza ya kundi la Minor Threat, ya inchi 7, iliyotolewa na kampuni ya Dischord mwaka 1981, ilipata majalada ya rangi mbalimbali, zikiwemo nyekundu na buluu. Niliahidiwa nyekundu na muuzaji wa Marekani. Ilipofika, jalada lilikuwa nakala iliyochapwa upya juzi juzi.

Mzee wa Vikokotoni
Mwanangu, kuhangaikia rangi ya jalada si kuhangaikia muziki.

Kijana wa Kiembesamaki
Kwa heshima yako, Mzee, wewe uliyekwenda mbio Shangani kwa wimbo ulio nao nyumbani, ulikuwa ukihangaikia nini? Mwaka 1977 kampuni ya A&M ilichapa nakala zipatazo 25,000 za wimbo wa kundi la panki la Sex Pistols, ikawavunjia mkataba na kuziteketeza karibu zote; wimbo huo huo ulitolewa na kampuni ya Virgin miezi michache baadaye na kupatikana kila mahali, lakini watu hutafuta ule wa A&M.

Maalim wa Ng'ambo
Msigombane. Zisafisheni kwa spiriti na pamba, zitang'aa.

Fundi wa Darajani
Maalim, usiwaangamize watu! Sahani za 78 zimetengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, na spiriti huiyeyusha. Tumieni maji kidogo yaliyosafishwa, bila ya kulowesha karatasi ya katikati. Sindano ya sahani za kisasa pia haifai, kwani ni nyembamba mno kwa mfereji wa 78.

Maalim wa Ng'ambo
Mimi nimetumia spiriti na zinaimba.

Fundi wa Darajani
Zinaimba au zinakoroma?

Wa Wete
Tuache hayo. Bi wa Mkunazini, hiyo iliyosalimika, ikiwa mtaiuza, mtakubali kuileta Pemba kwa boti?

Binti Mkunazini
Haiuzwi, kaka. Njoo uisikilize.