Mmea wa vidole vitano umejiotea uani: ni nini, na mbona mbegu zake hazioti?

Mchimba Kitalu: Shikamooni wakubwa. Mvua zilipoanza, kando ya uzio wangu uliota mmea ambao sikuupanda. Sasa umenifika kiunoni. Kila jani lina vipande vitano vilivyotoka mahali pamoja, kama vidole vya mkono. Shina lina vinyweleo, ukilishika linanata, na harufu yake, kusema kweli, siipendi. Lakini maua! Meupe yenye rangi ya urujuani kwa mbali, na nyuzi ndefu zimechomoza kama masharubu ya paka. Mgeni wangu mmoja aliutazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua ninachofuga hapa. Nilicheka, ila usiku sikulala vizuri. La pili: nilichuma maganda yaliyokauka, siku hiyohiyo nikamwaga mbegu kwenye trei. Leo wiki ya tatu, sijaona hata mche mmoja. Nimekosea wapi?

Bibi Majani: Marahaba mwanangu, lala usingizi. Bangi majani yake yana meno kama msumeno, na maua yake ni ya kijani tu, hayana petali za kutazamwa. Huo wako naudhania mgagani, Cleome gynandra, mmea wa asili ya Afrika unaoishi msimu mmoja na kufa. Usiniamini kwa maneno, chuma ua moja. Petali ziwe nne, nyuzi sita. Kisha tazama nyuzi zimeanzia wapi, maana hapo ndipo penye siri. Katikati ya ua kuna kijiti kinachopanda juu, na nyuzi zote zimechomoza kwenye kijiti hicho, juu kabisa ya petali. Zikianzia chini pamoja na petali, na ukikuta miiba midogo jani linaposhikana na shina, basi huyo ni binamu yake wa Amerika Kusini anayependwa na wenye bustani. Na maua yakiwa ya njano, ni ndugu mwingine tena.

Mchimba Kitalu: Nimevaa miwani ya kusomea nikahesabu. Nne, sita, na kijiti kipo! Miiba hakuna. Sasa mbegu?

Mzee wa Trei: Hukukosea kitu ila haraka. Mbegu mpya ya mgagani imelala. Mimi mwaka wa kwanza nilimwaga trei mbili, nikamwagilia mwezi mzima, nikamlaumu kila mtu. Bahasha niliyoisahau kwenye droo ndiyo iliyonifundisha: baada ya miezi kama mitano nilizimwaga kwa hasira tu, zikaota. Kwa hiyo ziweke mahali pakavu, miezi mitatu hadi sita. Ukipanda, usiziache juu ya udongo ukidhani zinahitaji mwanga. Hizi hupenda giza na joto. Zifunike na udongo laini, sentimita moja inatosha, zaidi ya hapo mche hauna nguvu ya kutoka.

Na achana na trei. Mzizi wake mkuu unashuka moja kwa moja, ukiung'oa kuuhamisha unanuna, mara nyingi unakufa. Panda papohapo utakapoishi, penye jua la kutwa, kisha punguza miche iliyobanana. Kivuli na maji yaliyotuama haviwezi kabisa.

Bibi Majani: Niongeze: maganda uyachume yanapogeuka njano. Ukingoja yakauke kabisa yanapasuka yenyewe, na msimu ujao utakuwa nao hadi mlangoni. Na ukitaka kuyaona maua yamefunguka vizuri, toka jioni.

Mchimba Kitalu: Asanteni sana. Nimeziweka kwenye bahasha na tarehe nimeandika. Yule mgeni nimemweleza, naye kaomba nimwekee kijiko kimoja.