Je, ni lazima kukopa gari ili kufanya kazi Mtumba?

Mkazi wa Nzuguni: Ndugu wanajamvi, habari zenu. Nimehamishiwa Mji wa Serikali, Mtumba, jijini Dodoma, na benki iko tayari kunikopesha fedha za gari. Je, daladala na kuchangia mafuta na wenzangu havitatosha?

Mama wa Ilazo: Ndugu yangu, usilipime gari kwa bei ya mafuta pekee, weka pia bima, matairi, matengenezo na riba ya mkopo, ambavyo vinakula mshahara hata siku ambazo gari limelala uani. Sisi tunapanda gari la mwenzetu, tunakutana barabara kuu ya Dar es Salaam kabla ya saa moja asubuhi, na kila Jumatatu tunamkabidhi mchango wa mafuta. Kero ni jioni, kwani mmoja akiitwa kikaoni, wengine humsubiri au hurudi kwa daladala.

Dereva Mstaafu: Utaratibu huo ni mzuri, ila mchango usigeuke nauli, maana gari binafsi haliruhusiwi kubeba abiria kwa malipo bila leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini.

Jirani wa Kisasa: Kwa safari za Dar es Salaam, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, hoja ya kununua gari imepungua nguvu. Hata hivyo, ukiwa na mgonjwa nyumbani hesabu hubadilika, kwa sababu bajaji ya saa nane usiku haipatikani kirahisi. Wewe una familia?