Gumzo la ukoo: tunamsubiri Nolan na Odysseus wake

Hamisi: Jamani, trela ya The Odyssey mmeiona? Nimeirudia mpaka nimeikariri. 17 Julai 2026 haifiki tu!

Zuhura: Mimi nilikwama pale askari wamebanana gizani ndani ya farasi wa mbao. Nilishika pumzi.

Mjomba Idi: Mwongozaji si yule wa Oppenheimer?

Salma: Ndiye, Mjomba. Christopher Nolan. Hii ndiyo ya kwanza tangu Oppenheimer izoe Oscar 7 mwaka 2024. Matt Damon ndiye Odysseus, Tom Holland mwanawe Telemachus, Anne Hathaway mkewe Penelope.

Zuhura: Na Lupita Nyong'o yumo! Msimtaje mwisho.

Salma: Nilikuwa nakuja kwake, dada, usinirukie.

Mjomba Idi: Namheshimu sana Nolan. Lakini kelele za filamu yake ya Tenet mnazikumbuka? Watu wengi walilalamika kwamba muziki unameza mazungumzo. Safari hii kuna bahari, upepo, majeshi... tutasikia mtu anasema nini?

Salma: Kuhusu muziki sijui, Mjomba, ila kelele za kamera zimefanyiwa kazi, na ndicho kinachonipa hamu kuliko chochote. Nolan alianza kutumia kamera za mkanda wa IMAX, ule mpana wa sinema za ukuta mkubwa, kwenye The Dark Knight, 2008. Picha yake hakuna mfano, ila kamera zenyewe zinanguruma. Mkanda wa 65 mm unapita kwa kasi mno ndani yake, mkanda mmoja unaisha kwa dakika kama 3. Kwa hiyo mapigano na mandhari alikuwa anapiga kwa IMAX, halafu watu wakitaka kuongea kwa sauti ya chini inabidi alete kamera nyingine. Ndiyo maana kwenye filamu zake picha inapanuka, inarudi, inapanuka tena.

Salma: Sasa kabla ya hii aliwaambia watu wa IMAX: mkitatua matatizo ya kamera zenu, nitapiga filamu nzima kwa IMAX. Wakatengeneza kamera nyepesi zaidi pamoja na kasha la kuzuia kelele. Sasa kamera inaweza kukaa usoni kabisa mwa mwigizaji anayenong'ona, na sauti ikatumika ileile. Hakuna filamu ya hadithi iliyowahi kupigwa yote kwa mkanda wa IMAX. Hii ni ya kwanza.

Hamisi: Alisema walitumia mkanda wa zaidi ya futi milioni 2. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya kilomita 600!

Mjomba Idi: Duh. Kwa hiyo mtu analia taratibu na bado picha imejaa ukuta mzima.

Salma: Hapohapo, Mjomba. Watu wanasubiri jitu na mawimbi. Mimi nasubiri mnong'ono.

Shangazi Rehema: Shikamoo Baba, najua unasoma kimyakimya. Shemeji Idi, habari za huko? Wanangu, mimi nina swali moja: nani kati yenu ameusoma huo utenzi wenyewe, ule wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale?

Babu: Marahaba, mwanangu. Nawafuatilia.

Hamisi: Shangazi tafadhali, usinimalizie hadithi. Nimejizuia hata kusoma maoni ya watu.

Shangazi Rehema: Hamisi, utenzi una zaidi ya miaka 2,600. Umekuwa siri tangu lini?

Hamisi: Kwangu bado ni siri. Nataka nikutane na Odysseus ukumbini kwa mara ya kwanza.

Shangazi Rehema: Basi sikwambii mwisho wake. Nakwambia ulivyosukwa tu, maana hapo ndipo ninapoona Nolan amempata mwenzake. Homer haanzi mwanzo, pale Odysseus anapoondoka vita vya Troy kurudi kwao. Vitabu ni 24, na katika vinne vya kwanza stelingi mwenyewe hayupo! Tuko na Telemachus, kijana aliyekua bila baba, nyumba imejaa wanaume wanaomtaka mama yake na kula mali ya baba yake. Odysseus tunamkuta kitabu cha 5, ameketi ufukweni analia, mungu wa kike Calypso amemshikilia kisiwani mwaka wa 7 huo. Yale mnayoyasubiri nyote, jitu la jicho moja, mchawi Circe, safari ya kwa wafu, yote yameshapita zamani. Tunayasikia kitabu cha 9 mpaka cha 12, anayasimulia yeye mwenyewe usiku, mbele ya wenyeji waliompokea.

Salma: Na shahidi mwingine hakuna. Wenzake wote wamekufa.

Hamisi: SALMA!!!

Shangazi Rehema: Msimgombeze. Homer mwenyewe analitangaza katika mistari 10 ya kwanza.

Mjomba Idi: Ngoja. Kama hakuna shahidi, tunajuaje kwamba hatungi?

Shangazi Rehema: Shemeji, umegusa penyewe. Ndani ya utenzi huohuo Odysseus anawadanganya watu mara kadhaa kuhusu yeye ni nani na ametoka wapi, na anadanganya vizuri mpaka mungu Athena anamsifia. Kisha mtu wa namna hiyo anakwambia niliingia pangoni nikakuta jitu. Unamwamini, kwa sababu anasimulia vizuri.

Salma: Na Nolan tangu Memento, 2000, anacheza na kitu hichohicho: anayetusimulia ndiye tusiyeweza kumtegemea. The Prestige nayo, wachawi wa jukwaani wanasomana shajara, na shajara zenyewe ni mitego. Ombi langu ni moja. Amwache Odysseus asimulie kwa mdomo wake, tusijue lipi lilitokea na lipi ni la mtu anayetaka apewe meli ya kumrudisha kwao.

Mjomba Idi: Mimi nilidhani ni filamu ya panga na mashua. Sasa mmenifungua macho.

Hamisi: Na mimi nimefunguliwa nisipotaka. Lakini hilo la kusimulia... hapo sawa, limenikamata.

Zuhura: Naomba niseme langu, wala msinikate. Wake wengi katika filamu za Nolan wanakufa. Memento, mke amekufa. Inception, mke amekufa, amebaki kumsumbua mumewe ndotoni. Interstellar, mama wa watoto alishakufa hata kabla hadithi haijaanza. Sasa safari hii ana mke aliye hai, yuko nyumbani miaka 20, na akili yake ni sawa na ya mumewe. Anawaambia wale wanaume nitachagua mume nikimaliza kufuma sanda ya baba mkwe wangu. Anafuma mchana, usiku anafumua. Miaka mitatu! Nitaipima filamu nzima kwa jambo hilo. Kama Penelope atawekwa dirishani kutazama bahari tu, sitaridhika, picha iwe kubwa namna gani.

Shangazi Rehema: Zuhura, hapo umesema.

Salma: Kweli, dada. Ila usisahau upande wa watoto. Inception nzima ni baba anatafuta njia ya kurudi kwa wanawe. Interstellar, saa 1 kwenye ile sayari ya maji ni miaka 7 duniani, baba rubani akirudi chomboni anakuta watoto wake wamekuwa watu wazima kwenye ujumbe wa video. Ukimtoa rubani ukaweka nahodha, umeshafika kwa Telemachus. Nolan amekuwa akiizunguka hadithi hii miaka mingi.

Mjomba Idi: Pale kwenye video nililia. Sikatai.

Zuhura: Tulilia wote.

Hamisi: Wamepiga picha Ugiriki, Sicily, Iceland, Scotland, Moroko. Ugiriki walikwenda mpaka karibu na Pylos.

Shangazi Rehema: Pylos ndiko Telemachus anakokwenda kwa mzee Nestor kuulizia habari za baba yake. Kitabu cha 3. Nimefurahi kusikia hivyo.

Salma: Kuna mahali pengine, na sipendi tupapite. Julai 2025 walipiga picha Dakhla, Sahara Magharibi. Umoja wa Mataifa unalihesabu eneo lile miongoni mwa yale ambayo bado hayajajitawala, na sehemu kubwa iko mikononi mwa Moroko. Waandaaji wa tamasha la filamu la Wasahrawi, watu wa eneo hilo, lile linalofanyika kwenye kambi za wakimbizi Algeria, waliomba hadharani kazi isimame, wakasema watu wao hawakuulizwa.

Mjomba Idi: Hili sikulijua.

Babu: Jamhuri ya Wasahrawi ni mwanachama wa Umoja wa Afrika. Nakumbuka Moroko ilivyojitoa OAU, ndilo jina la zamani la umoja huo, mwaka 1984 kwa sababu ya jambo hilo, ikarudi 2017. Hadithi ya mtu anayetaka kurudi kwao, imepigwa picha katika ardhi ya watu wasioweza kurudi kwao. Lazima lisemwe.

Shangazi Rehema: Asante, Baba.

Hamisi: Sasa Babu, tusiitazame?

Babu: Sijasema hivyo. Itazame. Lakini ukiona jangwa ujue ni jangwa la nani, na ukiisifu kwa wenzako, sema na hilo.

Salma: Nitafanya hivyo. Nampenda Nolan tangu nikiwa shule, na bado naona hapo alitakiwa ajibu.

Zuhura: Nami niko hapo.

Mjomba Idi: Sawa. Sasa, tumebakiwa na muda kidogo. Shemeji, ukimpa mtu asiye msomaji kama mimi sehemu moja tu ya kusoma, utampa ipi?

Shangazi Rehema: Kitabu cha 8 mpaka cha 12. Cha 8 kwa sababu yumo mwimbaji kipofu anayeimba kisa cha farasi wa mbao, na Odysseus anasikiliza akiwa hajatambulika, analia. Ukishaona hapo utajua kwa nini anaanza kusimulia. Kinachofuata ni chako.

Hamisi: Farasi yumo kwenye wimbo ndani ya utenzi? Si ndio mwanzo wa hadithi?

Shangazi Rehema: Hapana, mwanangu. Vita vya Troy vimeshakwisha zamani. Farasi ni kumbukumbu.

Hamisi: Basi nitasoma hicho cha 8 peke yake. Cha 9 kwenda mbele naviacha mpaka Julai, na cha 13 kwenda mbele asinitumie mtu hata mstari mmoja.

Zuhura: Mimi namsoma Penelope wote, mwanzo mpaka mwisho. Nitakwenda na orodha yangu.

Salma: Jumamosi usiku tusome cha 8 pamoja kwa sauti, Shangazi aongoze. Natuma faili sasa hivi.

Mjomba Idi: Nipo.

Babu: Nitumie na mimi. Herufi ziwe kubwa.