Luka 14:26: "misei" ni kuchukia kweli, au ni kupenda pungufu?

Mleta mada:
Wakuu, kuna dogo mtaani kwetu hapokei tena simu za mama yake. Alihubiriwa Luka 14:26, "naye hamchukii baba yake, na mama yake… hawezi kuwa mwanafunzi wangu", akaondoka nayo hivyo hivyo.

Kigiriki pale ni ou misei: kitenzi miseo, wakati uliopo, nafsi ya tatu umoja, na ou ya kukanusha. "Hamchukii" yetu imekaa sawasawa, kwa sarufi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni maana. Fungua Mwanzo 29. Mstari wa 30 Yakobo anampenda Raheli kuliko Lea. Mstari wa 31, Agano la Kale la Kigiriki linasema Lea miseitai, anachukiwa. Kitenzi kilekile, kauli ya kutendwa. Na huyo "anayechukiwa" alizaa naye watoto saba! (Waliokulia kwenye nyumba za mitala watasema hilo si ushahidi. Sawa.) Halafu Mathayo 10:37, neno lilelile la Yesu: "Apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili." Kwangu hiyo ndiyo tafsiri.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeruka 1 Yohana 3:15: "Kila amchukiaye ndugu yake ni mwuaji." Pale ni ho mison, kitenzi hichohicho. Kwa hesabu yako, nikimpenda mdogo wangu kidogo kuliko kaka, nimeua? Na Luka mwenyewe, 6:27, anasema watendeeni mema wanaowachukia, tois misousin. Hao hawapendi pungufu, hao ni maadui, mstari wenyewe unawataja. Mathayo kaweka "kuliko", hyper. Luka hakuiweka. Usimwazime.

Mleta mada:
Ya Yohana imenibana, nakiri. Sijasema miseo ni "penda pungufu" kila mahali. Nasema panapokuwa na wawili wanaoshindanishwa, kama Raheli na Lea, neno linabeba uchaguzi: huyu mbele, yule nyuma.

Mchangiaji wa kwanza:
Kwenye Luka 14 huyo wa pili anayeshindanishwa yuko wapi? Mstari hautaji upendo kabisa.

Mchangiaji wa pili:
Ninyi mnabishana na mstari hamjaumaliza. Unaendelea: "naam, na hata nafsi yake mwenyewe." Huyo dogo anajichukia? Chai anakunywa, kitandani analala. Kama kwa nafsi yake kaelewa ni kujikana, kwa nini kwa mama iwe kukata simu?

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo umenena. Ila neno libaki "hamchukii". Yesu alitaka watu washtuke, tusiwapunguzie makali.

Mleta mada:
Libaki, sipingi. Lakini mhubiri akilisoma, asome na 18:20 ya Luka huyohuyo: "Waheshimu baba yako na mama yako." Mama yake alipita kwangu jana, kaniomba nimpigie mimi.

Mchangiaji wa pili:
Akapokea?