Mliouza nyumba Marekani mkahamia jimbo lingine, kodi mlifailije? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Mimi na mama watoto tumeuza nyumba yetu Minnesota, tumekaa hapo tangu 2003, sahivi tupo Texas karibu na wajukuu. Sasa nimeletewa fomu 1099-S, ile ya mauzo ya nyumba, imeandikwa bei yoote ya nyumba, nikaona hapa Aprili 15 nalia. Texas najua hawana kodi ya mapato, ila IRS (wale wa kodi ya serikali kuu) na Minnesota sijui wananitakaje. Mliopitia semeni.

Mdau wa Arizona: Mkuu tulia, hiyo ni bei sio faida. Chukua bei toa komisheni ya ajenti, toa bei mliyonunulia, toa na mlichoongezea humo. Kama mmemiliki na kuishi humo walau miaka 2 kati ya 5 ya mwisho, mkifaili pamoja mnasamehewa faida mpaka dola 500,000, mtu peke yake 250,000. Ila kwa vile 1099-S imetoka lazima uripoti hata kama hudaiwi kitu, inaingia fomu 8949 na Skedyuli D, zile za faida ya mauzo. Minnesota utafaili kama mkazi wa sehemu ya mwaka na ile fomu yao ya M1NR, na faida ya nyumba ni ya jimbo ilipo nyumba, kuhama hakuifuti. Sisi California ilikuwa hivyohivyo.

Mjane, sasa Florida: Mimi niliuza New Jersey kabla hata mwaka haujaisha toka mzee afariki. Msilojua ni kwamba mjane akiuza ndani ya miaka 2 na hajaolewa tena bado anaweza kupata ile 500,000, msikubali mtu awaandikie 250,000 tu. Halafu New Jersey sainini karatasi zao mkiwa bado wakazi, mdogo wangu alitangulia kuhama akauza baadae wakamshikia asilimia 2 ya bei, akaja kuidai kwenye ritani ya kodi ya mwaka. Watu wanaita kodi ya kuondoka, wala sio kodi mpya ni malipo ya awali tu.

Mama Deikea: Tuliokuwa tunalea watoto wa watu nyumbani tuwe makini jamani. Ule uchakavu wa nyumba tuliokuwa tunakata kwenye kodi kila mwaka hausamehewi, unatozwa mpaka asilimia 25. Mimi uliniuma kuliko vyote 😩

Mdau wa Arizona: Na hela ya lori la kuhamia sahau, toka 2018 kwenye kodi ya IRS wanakata wanajeshi tu, na kuanzia 2026 watu wa intelijensia pia.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Tulibadilisha paa na jiko, ila fundi wa jiko alikuwa mtu wetu nikamlipa keshi, risiti sina. Inakuwaje?

Mdau wa Arizona: Paa kama bima ndio ililipa usilihesabu. Jiko tafuta stetimenti ya benki siku ulizotoa hela, kibali cha ujenzi cha siti kama kilikatwa, picha za kabla na baada, na huyo fundi kama bado anapokea simu akuandikie karatasi. Rangi na marekebisho madogomadogo usiweke.

Mwenye uzi: Simu anapokea, anataka kazi nyingine tu huyo 😂